Bushi ya Upande wa Kushoto

Mtaani walimwita Sikio, na jina hilo hakupewa bure. Ungemletea gari bovu, kabla hujazima injini, kabla hata hujamaliza kusalimia, yeye ameshainamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayechungulia punje. Kisha anakwambia, "Zima. Pampu ya maji hiyo. Ina wiki mbili, haifiki tatu." Na kweli, ya tatu haikufika. Mafundi wengine walifumua injini nzima kutafuta ugonjwa. Yeye alisikiliza, akanyoosha kidole, akaenda kunywa chai. Madereva walimtania kwamba siku ya harusi yake alimzungusha bibi harusi mara mbili kwanza, asikie kama kuna kinachogonga.

Alikuwa na tabia nyingine, nayo muishike. Kila kidude alichokifungua, nati, washa, skrubu, kilikwenda kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, na kifungo kikafungwa juu yake. "Cha mfukoni hakipotei," ndivyo alivyosema miaka yote. Mkewe akifua, alizitoa nati mfukoni kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. "Fundi!" anamwita kutoka uani. "Leo umemrudishia nani gari lake pungufu?" Fundi anacheka, anasema hizo ni za akiba.

Huyo mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule mpaka miguu ilipoanza kuvimba. Kwanza viatu vilimkataa, halafu pedali ya cherehani, halafu ngazi tatu za mlangoni. Hospitali wakasema ni moyo, umetanuka, hausukumi damu inavyotakiwa. Wakampa vidonge vya kutoa maji mwilini, ambavyo vilimwinua kwenda haja kila baada ya muda mfupi, na vidonge vingine vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kikimbana. Daktari alikuwa mtu mkweli. Alimvuta Sikio pembeni akamwambia, mzee, hapa tunazungumzia miezi, si miaka. Sikio alizoea kuwa yeye ndiye anayewapa watu habari za namna hiyo kuhusu magari yao. Siku hiyo koridoni alipewa yeye.

Sasa, mama huyu alikuwa na mdogo wake mmoja tu duniani, mwanamke mwenzake, anayeishi mwendo wa siku tatu kwa barabara. Mama yao aliwaacha wangali wadogo. Dada mtu ndiye aliyembeba mdogo mgongoni, akamlisha, akamsomesha kwa sindano na uzi. Miaka tisa walikuwa hawajatiana machoni. Na mdogo naye mwaka huo aliteleza bafuni akavunjika nyonga, hatoki kitandani. Waliongea kwa simu kila jioni, mpaka jioni moja mdogo akasema, "Dada, mimi siwezi kuja, na wewe huwezi kuja. Basi tena, tutaonana huko mbele ya haki." Akacheka. Dada mtu hakucheka. Aliiweka simu mapajani akamtazama mumewe.

"Fundi, mimi nataka kumwona huyu kabla sijafa. Utanifikisha, au hunifikishi?"

"Nitakufikisha."

"Nikiwa hai, Fundi. Maiti yangu haina haja ya kusafiri."

"Nimesema nitakufikisha."

Basi la abiria halikufaa. Nani angesimamishiwa basi kila nusu saa aende haja, na nani angemruhusu anyooshe miguu juu ya kiti cha jirani? Lakini nyuma ya gereji kulikuwa na lori kuukuu ambalo mwenyewe alilitelekeza, magurudumu sita, injini nzima ila imesahauliwa. Sikio alilivamia. Kwa wiki saba hakupokea gari la mtu. Juu ya fremu alichomelea chumba cha bati, akakiwekea sakafu ya mbao, akakipaka rangi ya kijani hafifu kwa sababu mkewe aliipenda. Kitanda upande wa kushoto, kichwa kikielekea mbele ili awe ameegemea ukuta wa kebini. Jiko la gesi la plate mbili, pipa la maji, choo nyuma ya pazia, dirisha la vioo vya kusukuma. Ebo! Mtaa mzima ulikuja kutazama. Wengine walisema mapenzi hayo. Wengine walisema mgonjwa wa moyo hasafirishwi kwenye bati, huyu mzee haambiliki, sikio la kufa halisikii dawa.

Binti yao, ambaye ni muuguzi, alikuja kulikagua akiwa amekasirika. Alipapasa godoro, akatingisha mlango, akamkabidhi baba yake kichupa cha vile vidonge vidogo.

"Baba, nisikilize. Mama akisema kifua kinambana, usiulize maswali. Simama, mwinue, kimoja chini ya ulimi. Na asikae huko nyuma peke yake saa nzima bila wewe kujua yukoje."

"Kuna kengele," Sikio akasema, akamwonyesha. Swichi kando ya mto wa kitanda, waya umepita chini ya sakafu, na kengele yenyewe mbele, juu ya usukani. Mama akabonyeza, kebini ikalia kama shule imefunguliwa. Na kwa kichupa alitengeneza kirafu kidogo ukutani, hapo hapo kichwani pa kitanda, akakishikilia kwa ukanda wa mpira wa tyubu kisianguke barabara ikichafuka. Binti akatazama yote, akafuta machozi, akasema nendeni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huo ulikuwa wimbo wa Sikio, na safari nzima alikuwa anaziba. Siku ya kwanza mkanda wa feni ulianza kulia; akaukaza. Bomba la rejeta likatoka jasho; akalifunga kwa mpira wa tyubu, zunguko juu ya zunguko, mpaka likakauka. Siku ya pili jiwe lilirushwa likapasua tangi la dizeli, ufa mwembamba kama unywele. Alishuka na kipande cha sabuni ya kufulia, akakisugua pale mpaka ufa ukanyamaza. Mlango wa kabati ukigonga, anaunyamazisha. Kifuniko cha sufuria kikicheza, anakitia kitambaa. Hakuweza kuendesha gari lenye sauti asiyoijua. Ilimwasha mwilini kama upupu.

Mkewe alikaa mlangoni siku hiyo ya pili, miguu juu ya kreti, akitazama viatu vya mumewe vikitokeza chini ya lori.

"Mimi nimeolewa na miguu miwili," akasema. "Mengine yote yako chini ya gari tangu niwe msichana."

"Nipe hiyo nati imeviringika hapo."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi siinami, nina moyo mkubwa." Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Gari likikohoa unaruka. Mimi nimekohoa mwaka mzima, ukaniambia ni baridi."

Chini ya lori spana ilisimama kidogo. Halafu ikaendelea. Alimsikia vizuri sana, na alijua anasema kweli, na akaona haya kutoka hapo na kumtazama usoni. Huyo ndiye Sikio. Angekupa figo yake, ila usimwombe neno.

Siku ya tatu waliamka zimebaki saa sita za mwendo. Mama alikuwa na furaha, alishachagua kanga ya kuvaa akifika. Lakini alfajiri hiyo kifua kilimbana kidogo. Sikio alikuwa anakaza kitasa cha mlango, bisibisi mkononi. Aliruka, akachukua kichupa, akamwekea kidonge chini ya ulimi, akamkalisha vizuri, akasubiri naye mpaka pumzi ikarudi. Akamuuliza turudi, au tutafute hospitali hapa karibu? Akajibiwa kwamba hospitali zote zinafanana, mdogo wake ni mmoja. Basi akarudi kwenye kitasa chake. Skrubu mbili zilizobaki alizitia mfukoni, na kichupa pia alikitia mfukoni, upande wa moyo, akafunga kifungo. Mkono ulifanya wenyewe, kama ulivyofanya miaka thelathini na nane. Kile kirafu chenye mpira kikabaki kitupu, na hakuna aliyekitazama.

Saa moja baadaye lami iliisha, na mtandao wa simu ukaisha nao, wakaingia njia ya changarawe, na kengele ikaanza kulia.

Akasimama, akakimbia nyuma. Mama anamshangaa. "Sijagusa kitu mimi." Akarudi, akaondoka, shimo la kwanza, kengele. Akasimama tena, akakimbia tena. Mara ya nne mama alimwambia, "Fundi, ukinijia mbio hivyo tena utaniua kwa mshtuko." Ulikuwa waya, umechubuka mahali chini ya sakafu, kila lori likiruka unagusa chuma. Kuutafuta ni kung'oa mbao za sakafu na kitanda chenyewe. Sikio aliinua mkono juu ya usukani akauchomoa waya. Mara moja kukawa kimya, na kwake kimya kilikuwa raha.

Alikwenda kumwambia. Hilo nampa, hakumficha. "Kengele nimeichomoa. Nitaitengeneza tukifika. Nitakuwa nasimama mwenyewe kila saa moja."

"Na nikikuhitaji kabla ya saa?"

"Nitakusikia," akasema. "Mimi si ndiye Sikio?"

Mama akatabasamu, akamrekebisha kola ya shati. "Haya, Sikio. Twende."

Ilikuwa asubuhi kavu, vumbi limetanda. Ile changarawe ilikuwa imejikunja mikunjo mikunjo kama ubao wa kufulia, na lori zima lilitetemeka, lakini kwa Sikio mtetemo wote huo ulikuwa na majina. Hiyo springi, hiyo mlango, hiyo pipa la maji limepungua. Kama dakika arobaini hivi tangu waondoke, ikaja sauti mpya.

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

Akainamisha kichwa. Ilitoka nyuma yake, kushoto, chini kidogo. Akapunguza mwendo, ikaendelea. Akaongeza, ikaendelea. Akatabasamu peke yake, yule mzee, kwa sababu alikuwa ameipata. Bushi ya springi, upande wa kushoto. Mpira umelika, pini inagonga chuma. Si hatari, bushi ya namna hiyo inakwenda hata siku mbili. Lakini iliendelea, ko, ko, ko, na kila ilipogonga alisikia aibu ya fundi, kwamba ameitengenezea nyumba ya mkewe springi mbovu.

Saa ikatimia. Alikuwa ameahidi kusimama. Lakini pale palikuwa mteremko na mchanga, jeki isingekaa, na kibao kilionyesha kituo cha mafuta kiko mbele, mwendo wa robo saa. Akawaza, sakafu ya saruji itakuwepo, nimtazame mama, nitazame bushi, yote kwa mara moja. Tena akakanyaga mafuta zaidi, amuwahishe.

Ko, ko. Kimya. Ko.

Kabla ya kituo palikuwa na kipande cha lami mpya, laini kama meza. Sauti iligonga mara mbili juu ya lami hiyo, polepole. Bushi hugonga kwa shimo. Mwanafunzi wa wiki moja anajua. Sikio alijua kuliko wote. Lakini alishatoa hukumu, na katika miaka thelathini na nane hukumu yake haikuwahi kurudishwa. Kisha sauti ikakoma. "Imejikaza yenyewe," akasema kwa furaha.

Akaingia kituoni, akaegesha penye saruji, akashuka. Akapiga bati kwa kiganja akipita. "Mama! Tumesimama. Natazama bushi kidogo, nakuja sasa hivi." Hakujibiwa, akajua amelala. Akatandika gunia, akajilaza, akaingia chini.

Alianza na bushi ya mbele ya springi ya kushoto. Akaitia mtaimbo, akaipima. Haikucheza. Ya nyuma yake, haikucheza. Akaenda za kulia, nzima. Akakamata shafti akaitikisa, akakamata mkono wa breki, akagonga boliti za fremu moja moja kwa nyundo, zote zikalia mlio wa chuma kilichokazwa. Hapakuwa na kilicholegea. Lori lile kuukuu, aliloliokota kwenye majani, lilikuwa zima kuliko siku lilipotoka kiwandani. Akajigeuza ubavu ili atazame juu zaidi, na kifungo cha mfuko, kilichokuwa kimelegea, kikaachia. Skrubu mbili zikamdondokea shingoni. Na baada ya skrubu, kichupa.

Alikishika. Akakitazama kwenye lile giza la chini ya gari, vidonge vikicheza ndani. Hapo ndipo alipoelewa ni nini kilichokuwa kinagonga.

Alitoka vibaya, akajipasua paji la uso kwenye fremu, hakusikia. Mlango ule wenye kitasa alichokikaza mwenyewe ulimshinda kufungua mara mbili.

Alikuwa ameketi, ameegemea ukuta wa mbele, upande wa kushoto, kanga ya kufikia iko mapajani. Mkononi alikuwa bado ameshika kikombe cha bati, kimebonyea ukingoni. Juu ya bega lake, kwenye ule ukuta wa kijani, rangi ilikuwa imebanduka mahali pamoja, upana wa kiganja, bati linaonekana. Mahali pale palikuwa usawa wa mgongo wa dereva, upande wa pili wa ukuta. Kulikuwa na alama nyingi. Za juu zilikuwa na nguvu, zimeingia ndani. Za chini zilikuwa zimeparuza tu.

Sikio alimwita. Alimwekea kidonge chini ya ulimi, mtu aliyekwisha kuanza kupoa, na akamshika kidevu kisidondoke, akasubiri kama alivyofundishwa. Akamwekea kingine. Wauza mafuta walikuja mlangoni, wakatazama, wakavua kofia. Mmoja akasema, "Pole, mzee," akamgusa bega. Sikio akasema, "Nilimsikia." Wakadhani amechanganyikiwa. "Nilimsikia vizuri kabisa," akasema.

Walimshauri amwache mama hapo kituoni, apige simu, asubiri watu. Alikataa. Alimlaza, akamfunika ile kanga, akamfunga kwa ukanda wa kitanda taratibu asianguke. Halafu alikwenda mbele, akainua mkono juu ya usukani, akaushika ule waya aliouchomoa asubuhi, akauchomeka mahali pake. Ilimchukua muda wa kupiga chafya.

Zilikuwa zimebaki karibu saa nne za mwendo. Kengele ililia njia nzima, kila shimo, kila jiwe, kila mkunjo wa barabara, ikamlilia juu ya kichwa, naye hakuigusa. Na jamani, kila ilipolia mguu wake ulikimbilia breki. Alijua hakuna anayebonyeza. Mguu haukujua.

Nyumba ya shemeji yake, yule mdogo mtu, ilikuwa mwisho wa njia nyembamba, na kitanda chake kilikuwa kimesogezwa dirishani tangu juzi ili aone wanavyofika. Kengele, aliyokwisha kusimuliwa na dada yake kwa simu, aliisikia kabla hajaliona lori. Aliwaambia waliokuwepo, "Ni dada huyo, anamchokoza mumewe," akaomba kioo, akajifunga kitambaa vizuri kichwani. Basi Sikio alipoingia mlangoni peke yake, na damu iliyokauka kwenye paji la uso, shemeji alimtazama, akatazama nyuma yake, akaendelea kutazama nyuma yake.

Alivua kitambaa polepole. Majirani wanne walimbeba dada mtu ndani, wakamlaza kitanda kilekile, kwa sababu kingine hakikuwepo, na mdogo akageuka kwa taabu na nyonga yake mbovu akamkumbatia. Miaka tisa. Sikio alisimama ukutani, mikono myeusi kwa oili, hajui pa kuiweka.

Baada ya muda mrefu shemeji akafuta uso. Akauliza lile ambalo kila mtu huuliza, na ambalo Sikio alikuwa ameliogopa tangu kituoni.

"Shemeji, alisema nini mwisho? Aliniachia neno?"

Angeweza kudanganya. Wengi wangedanganya, na nani angewalaumu? Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa mkewe, kwa maana walimbeba na kikombe chake. Vidole vilikataa kukiachia.

"Aliniita, shemeji," akasema. "Aliniita muda mrefu sana."

"Ukamwambia nini?"

"Nikasema ni bushi."